Sola visiwani: inveta ya kufuata au ya nahodha?

Unguja na Pemba hupata umeme wa bara kwa kebo zilizolazwa chini ya bahari; ya Pemba inatoka Tanga tangu 2010. Kebo ya Unguja ilipoharibika, kisiwa kilikaa gizani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Basi anayefunga sola huku asiulize ukubwa wa paneli tu, aulize na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli au betri kuwa wa nyumbani, inaongozwaje.

Inveta ya kufuata husoma mawimbi ya gridi, ikaenda nayo sambamba na kusukuma mkondo. Ni rahisi na haitaki betri. Lakini gridi ikikatika, nayo huzima ndani ya sekunde 2, hata kama ni saa saba mchana na jua linawaka. Hiyo si kasoro: inamlinda fundi aliye juu ya nguzo. Kasoro iko mwisho wa laini ndefu, tuseme Makangale, kaskazini mwa Pemba. Inveta ikisukuma, volti hupanda. Zikipita 253 inajizima, zikishuka inajiwasha, mchana kutwa. Mwenye nyumba hulaumu paneli.

Ya nahodha haifuati gridi: hujitengenezea 230 V zake na masafa yake ya 50 Hz, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, kwa hiyo betri ni lazima. Mbili zikifungwa pamoja, manahodha wengi chombo huenda mrama: zitasukumiana mkondo bila kazi yoyote. Dawa ni mteremko: kila inveta ishushe masafa yake kidogo kadiri mzigo wake unavyoongezeka. Ukiweka 2%, masafa hushuka hadi 49 Hz mzigo ukijaa, na kila moja hubeba fungu lake bila waya wa mawasiliano.

Udhaifu wake muuzaji hausemi. Ya 5 kVA hutoa kiasi cha 22 A, na 44 A kwa sekunde chache. Pampu ya kisima ya 1.5 kW huweza kuvuta 60 A inapoanza. Inveta inazima, isipokuwa pampu iwe na kifaa cha kuianzisha polepole. Shoti nayo: breka aina C ya 32 A huhitaji zaidi ya 160 A ili ikate papo hapo. Inveta haifikishi mkondo huo, basi breka haikati, na nyumba nzima inazima. Kwa taa weka aina B ya 6 A, inayokata kwa 30 A.

Kwangu mimi, nahodha mmoja mwenye betri na wafuasi (inveta za kufuata) nyuma yake ndiyo njia, mradi jumla ya wafuasi isizidi uwezo wake. Betri ikijaa, nahodha hupandisha masafa nao wanapunguza umeme wanaosukuma. Wafuasi wa zamani hawapunguzi, hukata ghafla na kurudi. Hao usiwachanganye humo.