Kilo 492 za Talakhadze si za Tokyo

Mwandishi wa makala yenu ya kunyanyua uzito amechanganya kidogo aliposema kilo 492 ni za Tokyo. Jumla ya kilo 492 ya Lasha Talakhadze wa Georgia haikupatikana kwenye Olimpiki ya Tokyo. Pale aliinua 223 kwa snachi (mzigo unatoka chini hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja) na 265 kwa klini na jeki (unapandishwa kifuani kwanza, kisha unasukumwa juu), jumla 488. Hizo 492 ni za Mashindano ya Dunia ya Tashkent, Desemba 2021: snachi 225, klini na jeki 267.

Kwa wasioshika chuma, hesabu ya 267 iko hivi: fito kilo 20, vibano viwili kilo 5, kisha kila upande sahani nne nyekundu za 25, moja ya bluu ya 20, na kasahani ka kilo 1. Jamaa anapoiweka kifuani fito inapinda. Akiirusha juu kabla haijatulia, mtikisiko wake unamvuta mbele na mzigo unaanguka.

Pia mmesema Olimpiki ya Rio 2016 Talakhadze alishinda "kirahisi". Si kweli. Behdad Salimi wa Iran alikuwa ameinua 216 kwenye snachi, rekodi ya dunia wakati huo, kilo moja juu ya Talakhadze. Kilichomponza Salimi ni kiwiko kuonekana hakikunyooka sawasawa: 245 zake za klini na jeki zilipewa taa nyeupe na waamuzi, yaani halali, jopo linalowasimamia likazifuta, na majaribio mengine mawili yakaharibika. Bila hata jaribio moja halali la klini na jeki, hakuna jumla, hakuna medali. Hata mimi naona jopo lilimkaba mno.

Na ile adhabu ya Talakhadze ya 2013 ya dawa za kuongeza nguvu mbona mmeiruka?