Nani kakuambia uache kufikiri kwa Kiswahili?

Juzi usiku mdogo wangu kanitumia ratiba yake ya kujisomea GMAT, ule mtihani wa Kiingereza wa kuombea nafasi kwenye vyuo vya biashara. Kaipata kwa mwalimu mmoja wa mtandaoni, na kailipia. Kurasa tisa, rangi tatu, majedwali yamenyooka utadhani ratiba ya ligi. Wiki kumi na mbili, saa mbili kila usiku, Jumapili mapumziko. Nikasema haya, hela imeshakwenda, tuone. Kufika ukurasa wa pili nikakuta sentensi imekolezwa wino: kuanzia leo acha kutafsiri, acha lugha ya mama, fikiri kwa Kiingereza tu.

Nikaweka simu chini nikaenda kunywa maji.

Kirahisi hivyo, kama mtu anayeambiwa avue kofia. Na huyu mdogo wangu, kwa utii wake, alikuwa ameshaanza. Ananiambia, "Kaka, siku hizi hata nikihesabu ngazi nahesabu kwa Kiingereza." Nikamuuliza Verbal, ile sehemu ya kusoma vifungu na kupima hoja, inaendaje. Kimya.

Ushauri huo nami niliufuata nilipojiandaa. Matokeo yake nilikuwa nasoma haraka na kuelewa nusu, na ile nusu niliyoikosa sikujua kwamba nimeikosa. Watu wanahangaika na maneno magumu, wanakariri orodha ndefu za misamiati. Neno gumu halina shida kubwa. Ukilikuta unashtuka, unarudi nyuma, unalikisia kwa yaliyolizunguka. Linalokumaliza ni lile neno dogo unalolijua tangu shule ya msingi, ambalo hujawahi kulitilia shaka hata siku moja.

Chukua "only if". Fikiria umepewa sentensi kama hii: "The company will open a new branch only if sales rise." Mimi nilikuwa nikisoma sentensi za namna hiyo, kichwa kinaniambia mauzo yakipanda, tawi linafunguliwa. Nachagua jibu, nakosa. Nasoma maelezo, natikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, wiki inayofuata nakosa tena palepale. Mpaka usiku mmoja, kwa hasira tu, nikaandika pembeni ya daftari: hawafungui tawi mpaka mauzo yapande.

Basi, ikafunguka. Mauzo yanaweza kupanda mpaka yakagonga dari na tawi lisifunguliwe, maana hakuna aliyeahidi kulifungua. Lakini ukiona tawi limefunguliwa, ujue mauzo yalipanda. Sentensi ya Kiingereza ilikuwa inasema hivyo muda wote. Mimi ndiye nilikuwa sisikii.

Na tuelewane hapa: sikutafsiri neno kwa neno. "Ikiwa tu mauzo yatapanda" ingeniacha nilipokuwa, kwa sababu masikioni nayo inasikika kama ahadi. Nilijiuliza kitu kingine: jambo hili ningelisemaje kwa mtu asiyependa kuzungushwa? Hapo ndipo "mpaka" ilipojitokeza yenyewe, na hiyo ni kazi ya akili, wala si uvivu wa kutafsiri.

Baada ya hapo nikawa nayawinda maneno madogo kama mtu anayewinda kunguni. "Few managers agreed" na "a few managers agreed": kwangu wote walikuwa mameneja wachache. Kumbe wa kwanza ni malalamiko, yaani waliokubali ni wachache mno, karibu hakuna. Wa pili ni habari njema, wapo waliokubali. Halafu "some". Ukiniambia baadhi ya wageni wamefika, mimi nasikia kwamba wengine bado. Kwenye maswali ya hoja hakuna kitu kama hicho. "Some" ni angalau mmoja, na huenda ni wote. Nimepoteza alama nyingi kwa sababu ya wageni ambao hakuna aliyesema hawajafika.

Hata kwenye hesabu, huko ambako wote tunajisifu. "x is 5 less than y." Macho yanakutana na 5 kwanza, mkono unaandika 5 − y, na kwa kuwa jibu hilo la makosa limewekwa pale kwenye orodha likikusubiri, unalichagua kwa furaha. Sasa iseme kwa Kiswahili: x ni pungufu ya y kwa 5. y imetangulia, 5 imefuata, mlinganyo umeshajiandika. Lugha niliyoambiwa niiache mlangoni ndiyo iliyopanga hesabu sawasawa.

Haya, kuna jambo nalikubali, ingawa kwa shingo upande. Siku ya mtihani Verbal ina maswali 23 kwa dakika 45. Hazifiki dakika mbili kwa swali, pamoja na kusoma vifungu vyenyewe. Ukianza kutafsiri mle ndani, umekwisha. Mwalimu wa kurasa tisa ana haki hapo. Ila mtihani hauko wiki ya kwanza! Nilipoigeuza "only if" kwa Kiswahili mara kama kumi hivi, sikuhitaji tena kuigeuza. Nikiiona nasikia "mpaka" palepale, bila kusimama. Huwezi kufika huko kwa kujikataza. Unafika kwa kupitia njia ndefu mara nyingi, mpaka inakuwa fupi.

Kwa hiyo ratiba tumeipasua, mimi na yeye, kwa simu, karibu saa nzima. Wiki tano za mwanzo hakuna saa ya kupima muda. Kila usiku kifungu kimoja kirefu, kikavu, cha uchumi au cha biolojia, vile vinavyosinzisha. Akimaliza kila aya anafunika skrini na kusema kwa Kiswahili, kwa sauti, sentensi moja: huyu mwandishi anataka nini, na anabishana na nani. Asipoweza kuisema, hakuielewa, hata kama kila neno analijua. Baada ya hapo ndipo saa inaingia, dakika tatu kwa swali, kisha mbili na nusu, kisha kasi yenyewe.

Na daftari la makosa. Hilo kwangu halina mjadala. Kila swali alilokosa linapata herufi moja: L kama alikosea lugha, H kama alielewa kila kitu ila hoja ikamponyoka. Hizi zinatibiwa tofauti kabisa. Mwenye L nyingi akipewa maswali mia zaidi ya hoja ni kama kumpa miwani mtu anayeumwa jino. Ratiba ya kurasa tisa haina hata mstari mmoja wa kumuuliza mtu kwa nini kakosa. Imejaa idadi tu: leo maswali 30, kesho 40.

Sasa kilichonichefua zaidi. Wiki ya saba na ya nane zote ni Sentence Correction. Sarufi! Sehemu hiyo haipo tena. Mtihani wa sasa ulianza Novemba 2023, wa zamani ukafungwa mwishoni mwa Januari 2024, na sarufi ikaondoka, insha ikaondoka, jiometria ikaondoka. Zimebaki sehemu tatu za dakika 45 kila moja: Quant ya hesabu, Verbal, na Data Insights ya kuchambua takwimu. Yaani sehemu iliyokuwa inatutesa sisi tuliojifunza Kiingereza darasani imefutwa, halafu mtu anatuuzia wiki mbili za kuiogopa. Angalau angetupa punguzo.

Mengine nilimwambia harakaharaka. Asimalize mitihani miwili ya majaribio ya bure ya wenyewe waandaaji katika wiki ya kwanza, kama nilivyofanya mimi. Asijilinganishe na alama za binamu yake wa enzi zile, kwa sababu mizani imebadilika, sasa inaanzia 205 na kuishia 805. Tarehe aipange mapema kidogo, maana akitaka kurudia lazima zipite siku 16. Na GMAT itangulie, TOEFL au IELTS, ile mitihani ya kupima Kiingereza, zifuate: matokeo ya GMAT yanadumu miaka 5, ya hizo nyingine miaka 2. Hilo nalo halimo kwenye kurasa tisa, ingawa ukurasa wa tisa wote ni picha ya mtu anaruka juu na joho.

Jana kanitumia picha ya daftari. Ukurasa mmoja, maswali kumi na mawili aliyokosa. L tisa, H tatu. Chini yake kaandika orodha yake ya maneno madogo, na mbele ya "unless" kaweka Kiswahili chake mwenyewe, sikumfundisha mimi: "labda tu iwe". Nikamwambia iko sawa kabisa. Akajibu, "Kaka, sasa hizi wiki mbili za sarufi nimrudie mwalimu anirudishie hela?"

Bado sijamjibu.