Askari akishanyoosha mikono

Wiki iliyopita, kwenye kijiwe cha kahawa hapa Kirumba, Mwanza, simu ilizunguka mkono kwa mkono. Ilikuwa na video ya askari wawili waliokamatwa kwenye vita ya mashariki mwa Kongo. Wamekalishwa kwenye tope, wanahojiwa, na nyuma yao watu wanacheka. Nikasema si haki kuwaanika hivyo. Mzee mmoja mwenye asili ya Kyaka akanijibu: "Waliotuulia ndugu zetu walisoma sheria gani?"

Uchungu wake una msingi. Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin liliingia Ziwa Magharibi, mkoa tunaouita leo Kagera, likaua raia, likaswaga ng'ombe na kubomoa daraja la Kyaka. Sisi wa Mwanza tulionja kidogo tu: Machi 1979 ndege ya Libya ilikusudia matangi ya mafuta, mabomu yakakosea na kuua swala kisiwani Saanane. Kagera walizika watu. Kumwambia mzee huyo asahau ni kumkosea adabu.

Ila hakuna anayemwambia asahau, na hapo ndipo Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, unaohusu mateka wa vita, unapoeleweka vibaya. Kumtendea mateka utu si kumsamehe. Aliyechinja raia anaweza kushtakiwa na kuhukumiwa, hata akiwa mateka. Kinachokatazwa ni kumfanya huyu aliyeshika mikono kichwani alipie damu iliyomwagwa na wenzake. Kifungu cha 13 kinapiga marufuku kabisa kulipiza kisasi kwa mateka. Yeye hazuiliwi kwa sababu ni mhalifu. Anazuiliwa asirudi vitani, basi. Ndiyo maana chakula na matibabu yake ni juu ya aliyemkamata. Nchi maskini hapo huguna, na nawaelewa.

Kifungu hichohicho kinataka mateka alindwe dhidi ya matusi na udadisi wa umma. Maneno hayo ya mwisho, udadisi wa umma, hayanitoki kichwani. Walioyaandika hawakuijua simu ya mkononi, lakini waliijua aibu ya mtu kuzungushwa mbele ya kadamnasi, hana silaha, hana pa kuficha uso. Sasa kadamnasi hiyo ni sisi, tukiwa na vikombe mkononi. Januari 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, askari wa Tanzania walikuwa huko na kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Kanda ya Ziwa ina wazazi wenye watoto jeshini. Mama wa Nyamagana angeiona sura ya mwanawe kwenye tope kama lile, na kicheko kile nyuma, angemweleza nani kwamba ni utani?

Wapo wanaosema waasi si jeshi la nchi, hivyo mkataba hauwahusu. Hoja hiyo ina uzito katika suala la hadhi ya mateka wa vita. Haina uzito katika suala la utu, kwa sababu Kifungu cha 3, kilichomo katika mikataba yote minne ya Geneva, kinamlinda kila aliyeweka silaha chini hata katika vita vya ndani.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Hakukubali. Simu ilipomfikia tena, aliipokea, akaigeuza kioo chini juu ya benchi, akaagiza kahawa nyingine.