Next ni nani, na ni Ijumaa gani?

Neno la Kiingereza ambalo ningependa lipumzishwe hapa Lamu ni "next". Si kwamba nakichukia Kiingereza; ndicho kinachonilisha. Mimi ni mtu wa saiberi, hapa Langoni, na kazi yangu kutwa ni kuwajazia watu fomu: cheti cha kuzaliwa, pasi, mkopo wa chuo, PIN ya kodi. Hakuna neno ninalolibonyeza kuliko hilo. Karibu kila ukurasa una kitufe cha Next huko chini, na mzee aliyekaa pembeni yangu kila nikikibonyeza huniuliza, "Imeenda?" Haijaenda, ami. Next haipeleki kitu popote, inafungua ukurasa mwengine tu. Kinachopeleka ni Submit. Wapo waliojijazia wenyewe kwenye simu, wakafika Next ya mwisho, wakaweka simu mfukoni na kwenda zao kuswali alasiri wakiamini maombi yameshafika Nairobi.

Kitufe lakini hakina neno. Hasara yake ni kurudi ukaanza upya. Maudhi ni pale neno hilo linapotoka kinywani mwa mtu aliyekaa nyuma ya dirisha.

Foleni ya Lamu haisimami kama foleni ya benki ya Nairobi. Mtu akifika anauliza, "Nani wa mwisho?" Akishaoneshwa, anasema, "Basi mimi niko nyuma yako," kisha anakwenda kukaa kivulini, au anavuka kununua mahamri, au anamalizia maneno yake na mtu aliyemwona njiani. Foleni ipo, na kila mtu anaijua, ila iko vichwani. Sasa anatokea karani, hajainua hata macho kwenye karatasi zake, anapaza sauti: "Next!" Nani huyo? Anayeingia ni yule aliyesimama karibu na mlango, kijana mwenye mguu mwepesi. Bi mkubwa mwenye zamu yake bado anajiinua kwenye benchi, anatafuta kiatu. Kisha yaanze manung'uniko, na karani aone watu wa Lamu hawajui kupanga foleni. Tulikuwa tumeipanga. Aliyeivunja ni yeye, kwa neno moja lisilomtaja mtu.

Tena ukilichunguza, neno lenyewe liliumbwa kuleta tafrani hiyo. Limetoka Kiingereza cha kale, na maana yake ya kwanza haikuwa "anayefuata". Ilikuwa "aliye karibu kuliko wote". Ni tumbo moja na nigh, yaani karibu, na neighbour, jirani. Maana ya kufuata ilikuja baadaye, kwa kuwa kilicho karibu mno mbele yako ndicho utakachokifikia kwanza. Maana mpya ikaingia, ya zamani isitoke. Mpaka leo Mwingereza akilitumia kwa nyumba mbili, anakwambia zimepakana. Akilitumia kwa mwezi, anakwambia usubiri. Akisema amelipwa next to nothing, amelipwa karibu na bure. Akisema what next?, huenda haulizi kitu, amestaajabu tu, kama sisi tunavyosema "tutaona mengi". Na the next world ndiyo akhera. Maana zote hizo hazimdhuru aliyezaliwa nazo. Sisi tumelipokea neno likiwa zima, maana zote mbili ndani, na hatukuambiwa ipi inatumika lini.

Ugomvi mkubwa kabisa uko kwenye Ijumaa.

Leo ni Jumanne, unatoka kliniki, unaambiwa, "Urudi next Friday." Ni Ijumaa hii ya keshokutwa na siku moja, au ni ile ya wiki ya pili? Ukienda na maana ya karibu, ni hii. Ukienda na maana ya kufuata, hii ni this Friday, na next ni ile inayokuja nyuma yake. Wenyewe Waingereza hawajapatana. Wako wanaosema hivi na wako wanaosema vile, kila mmoja akimwona mwenzake ndiye hajui lugha yake. Wao wakikosana hukosana juu ya chakula cha jioni. Mkaazi wa Mkomani, hapahapa mjini, naye akikosea siku anarudi kwake kwa miguu, amepoteza asubuhi moja.

Mtu wa kisiwa cha Pate je? Huyo amepanda mashua Mtangawanda, na mashua hiyo haiondoki kwa saa ya ukutani, inaondoka kwa maji. Mlango wa Mkanda ni mfupi wa maji, chombo hupita maji yakijaa, yakipwa, mnangoja. Kwa hiyo pengine ametoka kwake alfajiri, na akifika Lamu kurudi siku hiyohiyo ni bahati. Nimeketi na mtu kama huyo hapa saiberi, akichaji simu yake, kadi ya kliniki mkononi. Nafasi ya tarehe kwenye kadi ilikuwa tupu. Aliambiwa kwa mdomo, next Friday, akaja hii, akaambiwa siyo hii. Nauli imekwenda, siku ya kazi imekwenda, dawa zimebaki za siku mbili. Aliniuliza kama kuna namna ya kuwaandikia ujumbe. Nilimwambia ipo, na nikamwandikia, ila jibu halikuja.

Msinijie juu: najua "Ijumaa ijayo" nayo ina mushkili uleule. Ukimwambia mtu "Ijumaa ijayo" siku ya Jumatano, lazima akuulize, "Hii, au ya wiki ijayo?" Tofauti ni kwamba ataiuliza. Kwa Kiswahili mtu haoni haya kuuliza. Akiambiwa kwa Kiingereza ananyamaza, anaitikia kwa kichwa, kwa kuchelea kuonekana hakusoma, kisha anakuja kuniuliza mimi. Halafu tuna vya kutumia zaidi ya hivyo. Kuna kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo. Siku nne mbele ya leo, kila moja na jina lake, hakuna ya kugombania. Jumanne ukimwambia bibi "mtondo", hahitaji kalenda, anajua ni Ijumaa na anajua ipi. Vijana wangapi wanaolijua mtondo siku hizi ni habari nyengine. Nahodha yeye husema "tunaondoka na maji ya alfajiri", au "hili bamvua likipita". Bamvua, yaani yale maji makubwa ya kujaa na kupwa, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa hiyo aliyeangalia mbinguni usiku uliopita keshajua safari ni lini.

Kliniki, mahakama, afisi ya ardhi, wao hata mtondo sitawadai. Nawadai tarehe. Kalamu iko mkononi, kadi iko mezani, tarehe ni nambari mbili na mwezi.

Wataalamu wa kompyuta ndio walioweza kulifunga neno hili likatii. Katika lugha ya BASIC, iliyotengenezwa chuo cha Dartmouth kule Marekani mwaka 1964, NEXT ni amri inayoirudisha mashine juu ilikoanzia, ifanye kazi ileile tena mpaka hesabu itimie. Aliyewahi kuzungushwa dirisha hili na lile kwa ajili ya hati ya shamba ataona hiyo ndiyo tafsiri sahihi kupita zote. Steve Jobs naye alipotoka Apple mwaka 1985 aliunda kampuni akaiita NeXT, na ni kwenye kompyuta ya kampuni hiyo Tim Berners-Lee alikoandikia programu ya kwanza ya kufungulia kurasa za wavuti, mwaka 1990, huko CERN, Uswisi. Biashara yangu yote imetoka humo, kwa hiyo hapo sisemi kitu. Na zile nguo za mitumba za watoto zenye lebo ya Next, jina la duka la Uingereza lililoanza kulitumia mwaka 1982, hazichakai upesi. Hiyo pia tuiache.

Nisiyoweza kuiacha ni next of kin.

Maneno hayo matatu yako kwenye kila fomu ninayojaza: hospitali, benki, shule, kazi. Nikifika hapo huwa nasimama, maana najua maneno yatakuwa mengi. Hapa next imebaki na maana yake ya zamani, ya ukaribu. Ni jamaa wa karibu, wa kuitwa ukipatwa na jambo. Lakini watu wetu wameshazoea kwamba next ni anayefuata. Basi wanasoma "anayenifuata". Anayenifuata kwa lipi? Kwa mali. Mtu akishaelewa hivyo, hapo kwenye mstari mmoja anaandika wasia. Nimeona mume akiandika jina la nduguye huku mke amekaa hapohapo, na mke akatoka nje bila ya kuaga. Nimeona binti akimnong'oneza mamake, "Mama, usimwandike kaka, atachukua nyumba."

Hachukui nyumba. Jina kwenye nafasi hiyo halimrithishi mtu hata kijiko. Mali ya Muislamu Kenya, baada ya sheria ya urithi kurekebishwa mwaka 1990, hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, na Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imeziachia mahakama za kadhi mambo ya mirathi kwa Waislamu wanaokubali kwenda huko. Na mafungu yameshawekwa kwenye Suratun-Nisaa. Hayangoji fomu ya benki. Nikimwona mtu ana wasiwasi, huchukua karatasi nikampigia hesabu. Tuseme amefariki mtu, yakatolewa ya maziko, madeni na wasia kama upo, ikabaki shilingi 240,000. Ameacha mke, mama, binti mmoja na ndugu mmoja wa baba na mama. Mke, kwa kuwa kuna mtoto, ana thumuni yake, sehemu moja ya nane: 30,000. Mama ana sudusi, moja ya sita: 40,000. Binti nusu: 120,000. Zinazobaki, 50,000, ni za ndugu. Huyo ndugu angeandikwa next of kin kwenye fomu kumi, angepata 50,000 hizohizo. Asingeandikwa kabisa, angepata 50,000 hizohizo. Na mke vilevile, thumuni yake haipungui kwa kusahauliwa na karani.

Kuteua mpokeaji kwenye sacco ni jambo jengine, lina fomu yake na lina maneno yake, na mwenye nalo amuulize anayejua. Wengi nionao mimi wanavichanganya vyote viwili, kisha siku msiba ukiwafikia, kabla hata ya hitima, kuna mtu keshatoa nakala ya fomu ya hospitali anasema, "Marehemu aliniandika mimi." Nimeombwa kuichapisha nakala kama hiyo. Nikaichapisha, shilingi kumi, na nikamwambia mwenyewe kwamba kadhi hataitazama.

Lawama hapa siwapi wajazaji. Nawapa walioandika fomu kwa lugha ya mahakama za Uingereza, wakampa mvuvi wa Kizingitini aijaze akiwa na maumivu. Hospitali haitaki kujua nani mrithi. Inataka mtu atakayepokea simu, atakayekuja kutoa damu ikihitajika, atakayesema "ndiyo, mpasueni" au "la". Basi iulize hivyo: "Ukizidiwa usiku, tumpigie nani simu?" Mama wa Matondoni angejibu hapohapo, bila ya kumtazama mtu usoni: binti yake mdogo, anayelala naye chumba kimoja, mwenye simu yenye chaji. Nambari nazo huandikwa mbili, kwa sababu mtandao wa Matondoni ukikatika hauagi.