Daktari wa Gaza aliyegoma kwenda kupigwa picha

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp, katikati ya ubishi kuhusu Gaza, ndugu yetu mmoja akatema hili: shida ya Wapalestina ni kwamba hawajawahi kuwa na kiongozi, wote ni ama magaidi ama wala rushwa. Watu wakamgongea dole gumba. Mimi nikaandika jina moja tu, Haidar Abdel-Shafi. Nikaulizwa kama ni beki wa Al Ahly.

Haya, tukae kitako.

Mtoto wa shehe huyo, kazaliwa Gaza mwaka 1919, kasomea udaktari Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, kamaliza 1943, kisha akaenda Ohio kujinoa kwenye upasuaji. Angeweza kubaki hukohuko akala maisha. Akarudi Gaza, iliyokuwa imefurika wakimbizi wa 1948, akashika kisu. Mwaka 1964 alikuwemo kwenye kamati tendaji ya kwanza ya PLO, shirika la ukombozi wa Palestina. Israeli ilipoiteka Gaza 1967 ikaja kumhamisha kwa nguvu mara mbili, kwanza jangwani Sinai, kisha Lebanon. Zote akarudi. Mwaka 1972 akaanzisha Hilali Nyekundu ya Gaza, shirika la huduma za afya, na Januari 1980 waliozichoma ofisi zake hawakuwa wanajeshi wa Israeli. Walikuwa wafuasi wa Mujamaa, kundi lililokuja kuizaa Hamas, waliokuwa hawawataki watu wa mrengo wa kushoto kama yeye.

Ila kilichonitoa usingizini ni yale ya 1991 hadi 1993.

Mkutano wa amani wa Madrid, Oktoba 1991. Israeli haitaki kuiona PLO mezani, kwa hiyo Wapalestina wanaingizwa ndani ya ujumbe wa Jordan, kama mtoto anayesafiri kwa tiketi ya mama yake. Anayewaongoza ni daktari wa miaka 72. Hotuba aliyoisoma iliandikwa kwa sehemu kubwa na Hanan Ashrawi, msemaji wa ujumbe, sawa, sifa zake apewe. Baada ya Madrid mazungumzo yakahamia Washington, duru baada ya duru, na mzee akang'ang'ania jambo moja: ujenzi wa makazi ya walowezi usimame kwanza, mengine tutaongea. Wapo walioona ni ukaidi. Jamani, mnagawana shamba, mwenzako kila usiku anamwaga zege humo humo, wewe utaendelea kutabasamu na kunywa kahawa?

Na huku yeye akibishana Washington, watu wa Arafat, kiongozi wa PLO, walikuwa Norway, kimyakimya, wanaandika mkataba mwingine, ule wa Oslo. Mkuu wa ujumbe hakuambiwa! Ameketi mezani na makabrasha yake, kumbe meza yenyewe ni danganya toto.

Tarehe 13 Septemba 1993, Ikulu ya Marekani, Rais Clinton akatandaza mikono, Rabin, waziri mkuu wa Israeli, na Arafat wakashikana mikono mbele ya kamera, dunia ikalia machozi. Abdel-Shafi hakwenda. Alikuwa ameisoma karatasi. Jerusalem, wakimbizi, mipaka, makazi ya walowezi, vyote vimesogezwa mbele kwenye mazungumzo ya baadaye, na hakuna mstari hata mmoja unaosema ujenzi usimame. Mwaka ule walowezi wa Ukingo wa Magharibi, ukiiacha Jerusalem Mashariki, walikuwa kama 110,000. Leo wamevuka 450,000. Nobel ya 1994 ilikwenda kwa Arafat, Rabin na Peres, waziri wa mambo ya nje wa Israeli.

Najua mnasubiri niseme kwamba daktari aliona kidonda kinafungwa na usaha ndani. Sisemi. Udaktari haukumpa hayo. George Habash alisomea udaktari chuo hichohicho cha Beirut, na kundi lake likaja kuteka ndege. Rantisi wa Hamas alikuwa daktari wa watoto.

Sasa, wanaomkosoa wana hoja, na naitaja kwa shingo upande. Mwaka 1996 aligombea ubunge kwenye baraza lililozaliwa na Oslo ileile aliyoikataa. Ndiyo, aligombea, na hakuna mgombea aliyepata kura nyingi kumshinda. Akaingia, akakuta ripoti za ufisadi zinajadiliwa halafu Arafat anazikalia, akajiuzulu. Hakusukumwa wala kuahidiwa ubalozi. Baraza lenyewe likaendelea kukaa hadi 2006 bila uchaguzi, na wengi waliobaki walibaki na mshahara wao. Kwetu huku mtu akijiuzulu tunauliza kwanza kaugua nini.

Kinachonikera kwake ni kingine: hakujenga chama. Mwaka 2002, ana miaka 80 na ushee, ndipo akaanzisha chama cha Al-Mubadara pamoja na daktari mwenzake Mustafa Barghouti, na Edward Said, yule msomi wa Kipalestina, akawaunga mkono. Uchaguzi wa 2006 orodha yao ikapata viti viwili. Viwili! Heshima yote ile aliyokuwa nayo Gaza miaka ya themanini na tisini, aliiacha izagae bila matawi wala makada, huku Hamas wakijenga nyumba kwa nyumba, msikiti kwa msikiti.

Alifariki Gaza, Septemba 2007, miezi mitatu baada ya Fatah, chama cha Arafat, na Hamas kumalizana kwa risasi mitaani humo. Miaka yote ya intifada ya pili, yaani uasi wa Wapalestina ulioanza 2000, alikuwa akidai uongozi mmoja wa pamoja. Fatah hawakutaka kugawana, na Hamas hawakutaka kugawiwa.