Shamba, ng'ombe na harusi

Kila mhubiri wa Dar es Salaam siku hizi ana mahubiri yake ya simu. Simu imekuwa sanamu, simu imeua ibada ya nyumbani, vijana wanasoma status kabla ya Zaburi. Waumini wanacheka, wanaitikia "Amina", na wengine wanarekodi mahubiri hayo kwa simu hizo hizo ili wayarushe kwenye grupu la jumuiya kabla hata ya sadaka. Sipingi yanayosemwa. Ila naona simu tunaisema sana kwa sababu haina wa kuitetea. Haina shemeji atakayenuna, wala si mjumbe wa kamati ya ujenzi.

Moyo kutangatanga mbali na sala hakukuanza na WhatsApp. Katika karne ya 4, Evagrio, mtawa aliyeishi jangwani Misri, alieleza yanayompata mtawa saa za mchana. Jua linaonekana halisogei, siku inakuwa kama ina saa hamsini. Mtawa anachungulia dirishani, anatoka nje kutazama jua limefika wapi, anaangaza huku na huku kama kuna ndugu anayekuja. Baadaye anaanza kuchukia mahali alipo na kazi anayoifanya. Mtu huyo hakuwa na bando wala televisheni, na hakuishi jirani na baa. Kwa hiyo anayedhani akizima data atakuwa mtu wa sala, atashangaa atakayoyakuta kichwani mwake.

Habari inayotuhusu zaidi naiona kwenye Luka 14. Mtu ameandaa karamu kubwa, amealika wengi, na chakula kimeiva. Wa kwanza anasema amenunua shamba, lazima akalitazame. Wa pili amenunua ng'ombe jozi tano, anakwenda kuwajaribu. Wa tatu ameoa. Ukitafuta dhambi hapo huipati. Hakuna aliyekuwa kwenye ulevi, hakuna aliyekwenda kuiba. Ni watu wenye maendeleo, ambao hapa mjini tungewasifia na kuwapa nafasi ya kutoa neno la shukrani ukumbini. Na hao ndio waliokosa karamu.

Shamba tunalijua. Ni kiwanja cha Chanika au Kigamboni, na kila Jumamosi unakwenda kuona fundi amefikia wapi, kwa sababu usipokwenda mifuko ya saruji inapungua yenyewe. Ng'ombe wa kazi siku hizi ni bajaji au bodaboda ya mkataba, na hesabu ya jioni isipoletwa usingizi hauji. Hayo mawili siyakalii sana, maana mtu anahangaikia mkate wa watoto wake na mimi si wa kumhukumu.

Harusi ndiyo nataka tuiseme.

Unaamka asubuhi unakuta umeingizwa kwenye grupu jipya, hukuulizwa. Jina la grupu ni la bwana harusi na bibi harusi, limepambwa na maua. Mwenyekiti anakukaribisha, katibu anaweka utaratibu wa vikao, mweka hazina anaweka namba ya kupokelea michango. Kikao ni kila Jumapili alasiri. Kuna kamati ya chakula, ya mapambo, ya vinywaji, ya usafiri, na kila kamati ina grupu lake. Usiku orodha inarushwa upya: nani ameahidi, nani amemaliza, nani ametoa nusu. Unajitafuta jina lako. Unaangalia na la jirani yako, usiseme huangalii. Na hii ni harusi moja. Kabla yake kuna send-off na kitchen party, na huku kuna kipaimara cha mtoto wa shangazi, ubatizo wa mtoto wa bosi, na siku hizi hata mahafali ya chekechea yana kadi ya mchango.

Napenda harusi, na undugu huu ni utajiri ambao watu wa nchi nyingine wanautamani. Msiba siugusi kabisa. Huko tuendelee kwenda na kuchangiana. Lakini tuangalie kinachotokea ndani ya mtu. Jumapili, siku pekee ambayo roho ingepumzika, inaishia kwenye kiti cha plastiki watu wakibishana kuhusu rangi ya vitambaa vya meza. Jumatatu usiku mtu anapiga magoti, anafumba macho, na anachokiona ni ile laki aliyoiahidi mbele za watu na hajui ataitoa wapi. Marko 4:19 imeyataja haya bila kuzunguka: "shughuli za dunia, na udanganyifu wa mali, na tamaa za mambo mengine" zinaingia na kulisonga lile neno, "likawa halizai". Ni magugu yanayomea kwenye udongo ule ule ulioipokea mbegu. Hayakupandwa na adui wa mbali, mengi yalikuja na kadi nzuri yenye utepe.

Kuna jibu ambalo watu wa mjini tunalipenda: Mungu yuko popote, unaweza kuomba hata kwenye daladala. Kweli. Mama anayetoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri kuwahi soko la Kariakoo, akarudi usiku amebanwa mlangoni, akiomba humo njiani sala yake inafika. Na ninapomsikia mhubiri aliyekuja na gari lenye kiyoyozi akimwambia mama huyo kwamba asiyekesha kwenye maombi hampendi Mungu, huwa natamani wabadilishane usafiri kwa wiki nzima. Yapo maisha ambayo usumbufu wake si wa kuchagua. Chumba kimoja cha kupanga Manzese, baba, mama, watoto na mdogo wa baba, ukutani kwa jirani muziki wa singeli, uani wapangaji wanagombea zamu ya kufua: huyo ukimsomea Mathayo 6:6, kwamba aingie katika chumba chake cha ndani na kufunga mlango, atakuuliza chumba kipi.

Hata hivyo jibu la daladala tunalitumia sana sisi ambao hatumo katika hali hiyo. Yesu ndiye aliyeweza kuomba popote kuliko sisi sote, na Marko anaandika kwamba "alfajiri na mapema sana" aliondoka akaenda mahali pasipokuwa na watu. Simoni na wenzake wakamfuata, wakamwambia watu wote wanamtafuta. Ukisoma sura hiyo, ya kwanza, utaona jana yake jioni mji wote ulikuwa umekusanyika mlangoni. Kazi ilikuwepo, wagonjwa walikuwepo, tena wa kweli. Aliondoka hata hivyo. Na alipopatikana hakurudi pale walipomtaka. Alisema waende vijiji vingine. Mtu aliyekaa kimya na Baba yake alijua pa kwenda, na wale waliokuwa na haraka walijua tu kwamba anatafutwa.

Sasa nije kanisani kwenyewe, maana hapa ndipo tunapotegeana. Mkristo mwenye bidii wa jiji hili, hasa akiwa kiongozi, ana wiki iliyojaa kuliko ya mfanyabiashara. Leo mazoezi ya kwaya, kesho kamati ya ujenzi, keshokutwa kikao cha akina mama, Ijumaa mkesha, Jumamosi alfajiri jumuiya, Jumapili ibada ambayo matangazo yake yanakaribia urefu wa mahubiri, kisha mnada wa mazao na bahasha za ahadi. Grupu la kanisa linaamka kabla ya jogoo: picha ya maua yenye mstari wa Biblia, chini yake mikono ya maombi thelathini, halafu tangazo la sare za kwaya, halafu anayeuza sabuni ya maji. Tunaamini tumesoma Neno kwa sababu tumeliona likipita.

Martha naye alikuwa akimhudumia Bwana mwenyewe nyumbani kwake. Hakuwa mahali pabaya. Akaambiwa: "Martha, Martha, unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi." Nimesikia mahubiri mengi yanayomtetea Martha, kwamba bila yeye wangekula nini, na karibu yote yametolewa na watu wanaohitaji wapishi wa sherehe ya kanisa. Utetezi huo una ukweli wake. Ila Yesu hakumkaripia kwa kupika. Alimtajia fadhaa yake.

Na kelele. Kanuni za nchi za kudhibiti kelele na mitetemo zipo tangu 2015, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, imekuwa ikizionya baa na nyumba za ibada kwa pamoja. Kwa pamoja! Tunapaswa kuona haya kidogo hapo. Spika zimeongezwa ukubwa kuliko chumba, na mchungaji akitangaza "tuombe kimya" kinanda kinaendelea kupigwa chini chini, kana kwamba ukimya ukiachwa peke yake utafanya jambo la hatari. Pengine utafanya kweli. Kwenye ukimya ndipo mtu anakumbuka ndugu ambaye hajasemezana naye tangu mirathi.

Majirani zetu Waislamu wametupita katika jambo hili. Kariakoo, adhana ya adhuhuri ikitoka, utaona mwenye duka anaweka kiti mlangoni na kwenda msikitini, na mteja mwenye haraka anasubiri au anakwenda kwingine. Biashara inakubali kukatizwa. Wakatoliki wana sala ya Malaika wa Bwana, asubuhi, saa sita mchana na jioni, inayomtaka mtu asimame pale alipo. Wangapi wanaisimamia sasa? Danieli alikuwa mtumishi wa serikali mwenye majukumu kuliko mkurugenzi yeyote wa Posta, na alipiga magoti mara tatu kwa siku. Mimi ni Mlutheri na nasema bila aibu kwamba sisi Waprotestanti tulipozitupa saa maalumu za sala kwa madai kwamba tunaomba wakati wote, wengi wetu tuliishia kuomba tukipata nafasi. Na Dar es Salaam haitoi nafasi. Ukishuka Posta ya Zamani, kanisa letu la Azania Front liko hapo hapo, na lile la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu, lililoanza kujengwa 1897, ni hatua chache mbele. Maelfu tunapita chini ya minara hiyo kila mchana tukitafuta chipsi.

Madhara ya haya yote hayaji kwa kishindo, ndiyo maana ni vigumu kuyasema. Mtu haachi kanisa. Anatoa, anaimba, anashika uongozi. Lakini hawezi tena kukaa na mgonjwa bila kuangalia saa. Sura moja ya Isaya inamshinda katikati. Hasira zinakuwa karibu, hasa kwa dada wa kazi na kwa kondakta. Na siku tatizo la kweli linapofika, matokeo ya vipimo au barua ya kuachishwa kazi, anagundua hana sala yake mwenyewe ya kusimamia, basi anatafuta ya kuazima. Nina hakika sehemu ya foleni ndefu za mafuta na maji ya upako mjini hapa inatokana na hilo. Tunawalaumu wanaouza, na wanastahili lawama, lakini wateja tunawaandaa sisi, kwa kuwachosha wiki nzima na kuwaacha bila hata nusu saa ya kujifunza kusema na Mungu wenyewe.

Ningependa wazee wa kanisa waanze kwa kupunguza. Jioni moja ya wiki isiwe na kikao chochote, mlango wa kanisa uwe wazi, taa ziwake, spika zizimwe, anayetaka akae. Chumba cha ndani ambacho mpangaji wa Manzese hana, kanisa linacho, tena kikubwa, na siku nyingi kimefungwa kufuli wakati kamati zimejaa ofisini. Kwenye harusi, familia za Kikristo zinaweza kukubaliana kwamba vikao visiwe Jumapili, na orodha ya michango abaki nayo mweka hazina. Nililitaja hili mbele ya wazee wawili, na mmoja akauliza mara moja: tukifuta kikao cha Jumatano, fedha ya paa tutaijadili lini? Nikamwambia paa limejadiliwa tangu enzi za mchungaji aliyestaafu, linaweza kusubiri mpaka Alhamisi. Mwenzake alicheka. Yeye hakucheka, akaandika kitu kwenye kitabu chake cha kumbukumbu, na ajenda ya kikao kijacho bado haijatoka.