Picha za Satelaiti ni Bure, Ziwani Tunaenda Lini?

Vijana hunijia hapa Kisumu wakiuliza kama kusomea mifumo ya taarifa za kijiografia, yaani kuchora na kuchambua ramani kwa kompyuta, kuna kazi. Kazi ipo. Kaunti zinataka ramani, mashirika ya mazingira yanataka ramani, na nafasi za kufundisha chuoni hupatikana, ila uwe na subira. Ninachobisha ni jinsi tunavyompima msomi wa fani hii akishaajiriwa.

Zamani shida ilikuwa picha. Satelaiti ya kwanza ya Landsat, za Marekani za kupiga picha za dunia, ilirushwa 1972, lakini kwa miaka mingi picha ziliuzwa, tena kwa bei isiyo ya mwanafunzi wa Maseno au Egerton. Mwaka 2008 Marekani ikazitoa bure. Tangu 2015 zikaja satelaiti za Sentinel-2 za Ulaya, ambazo pikseli moja, yaani kitone kimoja cha picha, ni mita 10 kwa 10 za ardhi na picha mpya hupatikana kila siku 5 hivi. QGIS, programu ya kuchorea ramani, nayo hailipiwi. Leo mwenye laptopu na bando anachora ramani ya gugu maji la Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, bila kutoka kitandani.

Balaa ndilo hilo. Ukitazama kutoka juu, gugu maji ni kijani, nyasi za kiboko ni kijani, na maji yaliyojaa mwani nayo ni kijani. Panda boti pale ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, uone tofauti. Bua la gugu limevimba, ukilibonyeza linanywea kama sponji; jani la nyasi ni refu na linakata mkono. Mara nyingi hata vimeota pamoja, nyasi juu ya gugu. Kompyuta haitayajua hayo mpaka mtu aende na GPS, asimame hapo, aandike. Halafu kuna upepo. Gugu lililoziba ufuo Jumatatu laweza kuwa limehama kufikia Alhamisi, na anayejua limeelekea wapi ni mvuvi, maana nyavu zinazobebwa ni zake.

Sasa uliza msomi hupandishwa cheo kwa lipi. Kwa makala za majarida. Siku za ziwani hazina alama, mafuta ya boti mara nyingi hutoka mfukoni mwake, na mvuvi aliyemwongoza hushukuriwa kwa mstari mmoja wa Kiingereza katika jarida ambalo hatalifungua kamwe.

Mimi ningedai vitu viwili: vipimo vya uwandani viwekwe wazi, na ramani irudishwe ufuoni kwa wavuvi, kwa Kiswahili au Kidholuo. Wenzangu husema ramani ya kubandika ukutani si utafiti. Haya, twende Nakuru. Ziwa limekuwa likipanda tangu mwaka 2010 hivi, na makala zimeandikwa tele. Mwenye ploti mtaa wa Mwariki, karibu na ziwa, anataka kujua maji yaliishia wapi 2020, na nyumba yake iko upande gani wa mstari huo. Picha za kuuchora zipo, bure. Ukimchorea, fomu yako ya kupandishwa cheo haina hata pa kuandika.